Tela Kuukuu: Tulirekebishe au Tulibadili?

Wasikilizaji wapenzi, mlioko Kasense na pembe zote za Manispaa ya Sumbawanga, nanyi mlioko mbali zaidi, Laela na Mpui, Matai na Namanyere, na hata ninyi mlioko huko chini bondeni, Muze na Mtowisa, nisikilizeni. Haya, sogezeni vigoda karibu na redio, na yule kijana anayepiga kelele uani aambiwe anyamaze kidogo, kwani maneno ya leo huenda yakamhusu yeye kuliko anavyodhani.

Mazungumzo yetu ya jioni hii yanahusu chombo ambacho ni nadra kutajwa redioni au magazetini, ilhali pasipo hicho mahindi mengi ya Ufipa yangeozea shambani: nacho ni tela. Nisemapo tela nakusudia yote mawili, mkokoteni unaokokotwa na maksai, na lile tela la chuma linalofungwa nyuma ya trekta au pawatila, yaani trekta dogo la magurudumu mawili. Na swali ninalotaka tulichambue kwa utulivu ni hili: tela likiisha kuchakaa, au kazi ikiisha kulizidi, mwenye nalo afanyeje? Alipeleke kwa fundi likakatwe na kuungwa mpaka lilingane na haja yake mpya, au aliache kama lilivyo na kutafuta jingine?

Swali hili lina majira yake. Mvua zetu huanza Novemba na kukoma Aprili, na mahindi yakiisha kukauka kila mwenye shamba hukumbuka ghafla kwamba tela lake liliachwa tangu mwaka jana chini ya mkaratusi, tairi moja limelala na ubao wa sakafu umeoza. Hapo ndipo karakana za mjini hufurika watu, fundi hana tena nafasi ya kupima wala kushauri, na kila ajaye humwambia neno moja tu: "Fundi, choma hapa, niondoke." Shauri lililokatwa katika hali hiyo, wasikilizaji wangu, si shauri bali ni kukimbizwa na mahindi. Kwa hiyo nawaomba tulitafakari jambo hili mapema, mahindi yangali mabichi na akili zetu zikiwa zimetulia.

Mwenye tela aendapo kwa fundi, aghalabu hutanguliza swali la bei. Huuliza, "Itanigharimu kiasi gani?" Mimi naona swali hilo, japo ni la haki, si la kwanza wala la pili. La kwanza ni hili, nami nitalirudia mara kwa mara jioni hii ili lisitupotee: kuanzia leo, tela hili litafanya kazi gani? Je, litaendelea kubeba mahindi yaleyale, kwa njia ileile, likikokotwa na wanyama walewale? Au mzigo umebadilika, au njia imebadilika, au kinachokokota kimebadilika? Maana kama kazi ni ileile na kilichoharibika ni ubao tu, hapana haja ya mkutano wa ukoo. Nunua ubao, pigilia, endelea na safari. Tatizo huanza pale kazi inapogeuka, mwenye tela akadhani kwamba chuma nacho kitageuka kwa kuombwa.

Sisi watu wa Ufipa tuna hulka ya kutotupa chuma, wala sioni ajabu. Nchi hii ilikuwa nchi ya wahunzi. Kabla ya majembe ya dukani kuenea, wazee waliyeyusha chuma katika malungu, yale matanuru marefu kupita kimo cha mtu, yaliyojengwa kwa udongo wa vichuguu na kuvuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini pasipo mivukuto; na mwaka 1937 Bwana Greig aliandika habari za kazi hiyo ya Wafipa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Mabaki ya malungu yangalipo katika uwanda wetu kwa anayetaka kuyaona. Basi watu ambao jembe moja liliwagharimu mkaa wa miti mingi na jasho la watu wengi, wangewezaje kuwafundisha wajukuu wao kukitupa chuma kwa sababu tu kimeota kutu? Hulka hiyo naisifu. Lakini mhunzi wa malungu alikijua chuma chake tangu kilipokuwa jiwe, ilhali sisi leo twaokota ekseli ya Landrova iliyokufa, hatujui ilibeba nini miaka thelathini iliyopita wala ilipinduka mara ngapi, tukaichomelea chini ya mbao na kuiita mpya.

Na mkokoteni wenyewe, msije mkadhani ni chombo kilichozuka tu kwa kubahatisha. Sehemu kubwa ya nchi yetu ilisafirisha mizigo kwa vichwa vya wapagazi, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama. Uwanda wetu huu wa juu, wenye baridi na nyasi, ukawa na bahati ya ng'ombe, na ng'ombe wakaleta plau, na plau ikaleta mkokoteni. Huko Arusha kulikuwa na kituo cha kujaribu zana za kilimo kilichoitwa TAMTU, ambacho kilibuni mikokoteni ya maksai ambayo fundi wa kijijini angeweza kuiunda, hata beringi zake zikawa za mbao ngumu zilizolowezwa katika mafuta. Na mwaka 1981 kazi ya namna hiyo ikawa mikononi mwa CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini. Ninayataja haya kwa sababu moja: mikokoteni ile ilihesabiwa. Ilihesabiwa kwa maksai wawili, kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, na kwa mzigo ambao kwenye njia nzuri na matairi ya upepo haupaswi kuzidi sana tani moja, yaani magunia kumi ya kilo mia mia, na kwenye tope au mchanga hupungua mpaka nusu yake. Unapoligusa tela kwa msumeno wa chuma, unaigusa hesabu hiyo. Pengine waigusa pasipo na madhara, pengine waivunja.

Sasa, ni wapi pasipo na madhara? Nitasema waziwazi. Vyote vilivyo juu ya fremu ni halali yako: sakafu, mbavu za pembeni, mlango wa nyuma, ndoano za kufungia kamba, kiti cha mwendeshaji. Badilisha, punguza, pamba, paka rangi ya kijani au nyekundu, hapana atakayekushitaki. Ila kuna hadhari moja katika kuongeza kimo cha mbavu. Binadamu, akiona nafasi, huijaza. Mbavu zikiwa fupi, magunia kumi yakiisha kupangwa, mpakizi husimama. Mbavu zikiwa ndefu, huongeza mawili, kisha matatu, kisha mtoto wa jirani, kisha baiskeli ya mtoto wa jirani. Ni tabia ileile iliyozaa lumbesa, gunia lililovimba kichwa mpaka likalazimika kushonewa kofia. Kwa hiyo ukiongeza mbavu kwa ajili ya kubeba majani makavu au magunzi, vitu vyepesi vyenye kujaza nafasi, umefanya la busara. Ukiziongeza kwa ajili ya mahindi au matofali, umeliandikia tela lako hati ya kifo.

Tushuke sasa chini ya sakafu, kwenye fremu na ekseli, maana huko ndiko shauri linakokatwa. Nawaomba wenye matela wafanye kazi ndogo, isiyotaka fedha wala fundi. Chukua kamba, uipime kutoka pembe ya mbele kulia hadi pembe ya nyuma kushoto, kisha kutoka pembe ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia. Vipimo viwili vikilingana, fremu yako imenyooka; visipolingana, imejipinda, na kila utakachopigilia juu yake kitapindika nayo. Kisha uyatazame matairi: tairi lililolika upande mmoja tu, wa ndani au wa nje, ilhali upande wa pili ungali na meno, linakuambia kwamba ekseli imepinda au imekaa mshazari. Kisha inua gurudumu moja kwa jeki au kwa gogo, ulizungushe polepole sikio likiwa karibu. Ukisikia mkwaruzo kama wa mtu atafunaye mchanga, beringi zimekwisha. Lishike juu na chini, ulitikise. Likicheza, hata kama halikwaruzi, habu yahitaji kufunguliwa. Na ukifungua ukakuta grisi imekuwa nyeupe mithili ya maziwa, basi maji yameingia, pengine siku ile mlipovuka mto kwa haraka.

Beringi hazinitishi. Beringi ni vipuri; hununuliwa, hufungwa, na mambo huisha. Kinachonitisha mimi ni ufa. Pale mahali ambapo ule mti wa kukokotea unaungana na fremu, ndipo nguvu zote za kuvuta na kusukuma zinapokutana, na ndipo chuma huchoka kwanza. Chukua brashi ya waya, usugue rangi na matope mpaka chuma kiwe uchi, kisha utazame. Ukiona mstari mwembamba wa kutu, mwembamba kama unywele, unaotambaa kando ya mahali palipochomelewa, huo ni ufa. Na ukiona kwamba mahali hapo pamekwisha kuchomelewa mara ya kwanza, mara ya pili na mara ya tatu, fundi mmoja juu ya kazi ya fundi mwingine, donge juu ya donge, usiongeze la nne, kwa maana ule moto wenyewe huidhoofisha sehemu iliyo kando ya maungio, na ndiyo sababu tela hukatika si pale palipochomelewa bali sentimeta moja pembeni, na mwenye tela hulalamika akisema, "Lakini pale palichomwa vizuri!" Kweli palichomwa vizuri, na pembeni yake ndipo palipoungua.

Kadhalika kuna wale wapendao kurefusha. Mtu ana tela la mita mbili, ataka mita nne ili abebe mbao au mabomba. Jambo hili huonekana jepesi kama kuunga kamba. Lakini tazameni: chuma kilekile, cha unene uleule, kikibeba mzigo uleule kati ya vituo viwili, ukizidisha urefu wake mara mbili hakipindi mara mbili, bali hupinda mara nane. Mara nane, wasikilizaji! Mhandisi yeyote atawathibitishieni. Basi anayetaka tela refu hahitaji tela lililorefushwa. Ahitaji fremu nyingine ya chuma kinene zaidi, na aliyekwisha kununua fremu nyingine, ekseli nyingine na springi nyingine, amebakiwa na nini cha tela lake la zamani isipokuwa kumbukumbu? Huyo amebadili tela, ila amelibadili kwa njia ya ghali na ya kuzunguka.

Niliahidi kulirudia lile swali, nami nalirudia: tela hili litafanya kazi gani? Tuchukue mfano wa kijana. Mjini kunajengwa kila upande, na wajenzi wahitaji maji. Kijana wa Kasense ana mkokoteni wa baba yake, ananunua tangi la plastiki la lita elfu moja, analifunga juu kwa kamba za mpira, na kuanzia hapo ni mfanyabiashara. Nampongeza, kwani hakukaa kijiweni. Lakini ajue mambo mawili. La kwanza, lita elfu moja za maji ni tani moja kamili, bila ya kuhesabu tangi wala mkokoteni wenyewe, na maksai wake hawasomi maandishi ya tangi. La pili, magunia hukaa mahali ulipoyaweka, ilhali maji hayakai. Tangi lililojaa nusu, mkokoteni ukishuka kijimteremko, maji yote hukimbilia mbele na kuwaangukia wanyama shingoni. Mkokoteni ukipanda, maji hukimbilia nyuma na kuinyanyua nira, nayo huwakaba koo.

Mzani huo wa mbele na nyuma ndio siri ya mkokoteni wa magurudumu mawili, nao hupimwa kwa mikono mitupu. Ukiisha kupakia, kabla hujafunga maksai, shika ncha ya ule mti wa kukokotea, uinyanyue. Ikiwa yataka wanaume watatu kuinyanyua, mzigo umeegemea mno mbele, na baada ya wiki utaviona vidonda katika shingo za wanyama wako. Ikiwa yapanda yenyewe juu, mzigo umeegemea nyuma. Itakiwavyo ni kwamba mtu mmoja ainyanyue kwa kujikaza kidogo. Basi yule kijana wa maji, marekebisho yake yawe haya: aisogeze ekseli, au asogeze kitako cha tangi, mpaka mzani ukae, alifunge tangi kwa fremu ya chuma wala si kwa kamba za mpira, na achague tangi dogo atakalolijaza pomoni, wala si kubwa atakalolijaza nusu. Kwake yeye, kurekebisha kunafaa, tena gharama yake si kubwa. Ekseli nzima husogezwa pasipo kukatwa. Ni boliti na mashimo tu.

Nije sasa kwa mfano ulio mgumu, nao ndio ulionifanya nichague mada hii. Mwaka 2009 serikali ilipotangaza mkakati wake wa kilimo, Kilimo Kwanza, pawatila zilianza kuonekana kwa wingi vijijini, na jambo moja likadhihirika upesi: mashine iliyoletwa kulima ilipendwa zaidi kwa kubeba. Siwalaumu wakulima, kwani mashine iliyolala kwa kuwa msimu wa kulima umepita ni hasara, na mizigo haina msimu. Lakini tela halali la pawatila lina kiti cha mwendeshaji na lina breki ya mguu, na wengi waliinunua pawatila pasipo tela lake, au tela lake likavunjika, ndipo wakamwendea fundi na kumwambia, "Fundi, ukate mti wa kukokotea wa mkokoteni wa maksai, uweke pini, nifunge nyuma ya pawatila." Fundi akakata, akaweka pini, akapokea fedha zake.

Je, kuna ubaya gani? Ubaya upo katika mwendo. Maksai hutembea kilometa tatu au nne kwa saa, na wanapotaka kusimama, husimama wao wenyewe, na mkokoteni husimama pamoja nao. Breki ya mkokoteni ni shingo za ng'ombe. Pawatila yaweza kuuvuta mkokoteni huohuo kwa mwendo wa mara tatu, na mwendo ukizidi mara tatu, nguvu iliyomo ndani ya mzigo ule, ambayo lazima imalizwe na kitu fulani ndipo chombo kisimame, huwa mara tisa. Ni kitu gani kitakachoimaliza? Mkokoteni hauna breki, na pawatila yenyewe ni nyepesi kuliko mzigo. Fauka ya hayo, wanaoziendesha wanajua, na wasioziendesha naomba wasikie: kwenye tambarare ukibana klachi ya mkono wa kushoto, pawatila huelekea kushoto; lakini kwenye mteremko, tela linapoisukuma kwa nyuma, ukibana klachi hiyohiyo ya kushoto, mashine huelekea kulia. Mtu aliyezoea tambarare, akishikwa na hofu, mkono wake hufanya lile ulilolizoea, na mashine hufanya kinyume. Haya hutokea kwa kufumba na kufumbua.

Mnajua nchi yetu ilivyo. Uwanda ni tambarare na vilima vya upole, mtu aweza kwenda mbali asione hatari. Kisha ghafla ardhi hukatika, na mbele yako upo ukingo wa Lyamba lya Mfipa, na Bonde la Rukwa liko chini kabisa, na njia ya kutoka Ntendo kwenda Muze yashuka kwa kona juu ya kona. Tela lililoundwa kwa maksai, lililounganishwa na pawatila kwa pini ya kuokoteza, likishushwa au likipandishwa njia ile likiwa na mzigo, ni jambo ambalo mimi sitalibariki kamwe, hata akija mwenye pawatila na fundi wake na diwani wao kunibembeleza. Hapa neno langu ni moja: usirekebishe, badilisha. Nunua au uundiwe tela la pawatila lenye breki, lenye kiti, lenye ekseli iliyopimwa kwa mwendo ule. Kama fedha haijatimia, basi maksai waendelee, nayo pawatila ingoje.

Sasa tumefika kwenye fedha, ambako wengi wenu mlitaka tuanzie. Mimi hisabu yangu ni nyepesi. Chukua karatasi, upande mmoja uandike gharama zote za kulirekebisha tela: chuma, fundi, matairi, beringi, na usisahau siku ambazo tela litalala karakana wakati jirani zako wanavuna, kwani gari la kukodi halibebi bure. Upande wa pili uandike bei ya tela jipya, kisha uondoe kile utakachopata kwa kuuza la zamani. Ikiwa marekebisho hayafiki nusu ya upande wa pili, rekebisha, ukiwa na amani ya moyo. Yakizidi nusu, fikiri mara mbili. Na hisabu hii haina nguvu yoyote mbele ya fremu yenye ufa au ekseli iliyopinda. Mbele ya hayo, hata kama fundi atakufanyia bure, jibu ni kubadili.

Atakayeambiwa abadili, naye aweza kuuliza, "Je, la zamani nilitupe?" Hasha! Tela lisilofaa tena kwenda sokoni laweza kufaa kwa miaka mingi hapo nyumbani, likibeba samadi kutoka zizini hadi shambani, kuni, au pipa moja la maji, kwa mwendo wa pole, likikokotwa na ng'ombe wazee ambao nao wamestaafu kazi nzito. Mashamba yetu yana njaa ya mbolea. Wazee walifukia majani katika matuta yao kwa kulijua hilo, na sisi tunaacha samadi ikilundikana zizini kwa kisingizio cha kukosa usafiri. Na ukiamua kuliuza, mwonyeshe mnunuzi ule ufa. Mwonyeshe kwa kidole chako mwenyewe.

Nimebakiwa na dakika chache, basi nitapita upesi katika jambo la barabara. Tangu lami ilipotuunganisha na Tunduma, malori makubwa hupita hapa usiku na mchana, na dereva wa lori haoni mkokoteni wa mbao zilizopauka mpaka awe juu yake. Liwe la zamani au jipya, lililorekebishwa au lisilorekebishwa, tela lako liwekwe viakisi mwanga nyuma, mbele na pembeni, vyekundu nyuma na vyeupe mbele, na likiwa ni la kuvutwa na trekta barabarani, uwaulize Mamlaka ya Mapato na askari wa usalama barabarani juu ya usajili wake kabla hujalibadili umbo, wala si baada ya kusimamishwa.

Neno langu la mwisho nalielekeza kwa mafundi, ninyi mlioko katika karakana za mjini, na ninyi vijana mnaotoka VETA na vyuo vinginevyo mkiwa na elimu mpya mikononi. Wakulima hawa wanawaamini. Mtu akija akitaka ekseli irefushwe kwa kuungwa kipande katikati, au akitaka donge la nne juu ya madonge matatu, au akitaka mkokoteni wa maksai ufungwe nyuma ya pawatila pasipo breki, mkataeni, hata kama fedha ameishika mkononi, na mumweleze sababu kwa upole ili asiende kwa fundi wa pili akafanyiwa. Nanyi wenye matela, kesho asubuhi kabla ya kwenda shambani, inueni gurudumu moja tu, mlizungushe, mlisikilize.